Hodi Tatu za Kiboko

Paukwa.

— Pakawa.

Sauti gani hiyo, mmekula au mmeliwa? Paukwa.

— Pakawa!

Taa?

— Ya kuwaka.

Waya?

— Wa kupita.

Giza?

— La aliyezidi kula.

Haya, sasa mmeamka. Wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, maana nikianza sirudii.

Palikuwa na kijiji cha wanyama, jina lake Mirindimo, kwa ajili ya maporomoko ya maji yaliyokuwa yakirindima juu yake. Chini ya maporomoko palikuwa na gurudumu la chuma. Maji yakianguka, gurudumu linazunguka. Gurudumu likizunguka, umeme unatoka. Umeme ukitoka, unapita kwenye waya, nguzo kwa nguzo, mpaka nyumba ya mwisho.

Mlinzi wa lango la maji alikuwa Ngiri. Kazi yake ilikuwa moja. Watumiaji wakizidi, analiinua lango kwa meno yake yaliyopinda, kriii, maji yanaongezeka. Watumiaji wakipungua, analishusha, kriii, maji yanapungua. Akichelewa kuinua, gurudumu linachoka na taa zinafifia. Akichelewa kushusha, gurudumu linakimbia na taa zinapasuka.

"Kinachotoka kiwe sawa na kinacholiwa," Ngiri alizoea kusema. "Umeme hauna kiporo."

Sasa Ngiri yuko langoni, watu wako majumbani. Atajuaje nani anawasha nini? Ndiyo maana Mirindimo walikuwa na desturi yao. Anayetaka kuwasha kitu kizito, pasi, jiko, msumeno, kwanza anatoka nje. Anaokota jiwe. Anagonga nguzo ya chuma iliyo karibu naye, ko ko ko, hodi. Mlio unakimbia mpaka langoni. Ngiri anainua lango, kisha anapiga kipande cha reli kilichoning'inizwa pale, ngaa, karibu. Ndipo mtu anaingia ndani na kuwasha. Akimaliza anagonga tena mara moja, ko, kwaheri, na Ngiri anashusha lango.

Na ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unarudi kwako bila kununa, kama unavyofanya kwenye nyumba ya mtu yeyote. Hodi ya nne ni ukosefu wa adabu. Mirindimo mtu alikuwa radhi alale na shati lenye mikunjo kuliko kuambiwa hana adabu.

Katika kijiji hicho alikaa Kanga. Kanga mnamjua, mdogo, madoadoa mwili mzima, kelele tangu alfajiri. Alikuwa na ila moja, hakujua kuatamia. Anataga, anachoka, anaondoka. Mayai yake yaliatamiwa na jirani yake Kuku, mwaka baada ya mwaka, mpaka Kuku akachoka.

"Shoga, nimekusaidia vya kutosha," Kuku alimwambia. "Nakaa siku ishirini na nane tumbo limeniwaka moto, wanatoka na madoadoa, wananiita shangazi, wanakimbilia kwako. Mimi nimestaafu."

Kanga hakumlaumu. Akajipatia mashine ya kutotolea vifaranga, sanduku la mbao lenye taa ndani na feni ndogo ya kuzungusha joto. Akapanga mayai ishirini na manne. Asubuhi anayageuza, mchana anayageuza, jioni anayageuza. Na jambo la ajabu likatokea. Yeye ambaye miaka yote alikuwa akitaga kama mtu anayedondosha kitu njiani, kwa kuyageuza mayai yale kila siku akaanza kuyapenda. Akawa anayapima kwenye mwanga wa taa, anaona kitu kidogo kinacheza ndani, anacheka peke yake. Alikuwa hajawahi kukaa na watoto wake kabla hawajatoka. Sasa alikaa nao, akawapenda, na kwa sababu hiyo akaanza kuogopa.

Aliyemwogopesha ni Kiboko.

Kiboko alikuwa amefika Mirindimo mwaka uliotangulia, tumbo mbele, amevaa koti. Aliita mkutano, akawaambia wanakijiji, "Simu zenu zimejaa. Picha za arusi zimejaa, nyimbo zimejaa, maneno mliyosemezana mkagombana yamejaa. Nipeni mimi niwatunzie. Nitajenga Nyumba ya Kumbukumbu. Kila kitu chenu nitakiweka humo, ukikitaka unakipata hapo hapo."

Watu wakafurahi. Kindi fundi seremala, mwenye picha za arusi yake mia sita, akafurahi kupita wote.

"Na wewe utataka nini?" Ngiri aliuliza.

"Umeme kidogo," alisema Kiboko. "Kama wa taa kumi hivi."

Hapo ndipo Mirindimo walipokosea, na kosa lenyewe ni la kwao, halingeweza kufanywa na kijiji kisicho na adabu. Wazee walikaa wakasema kwamba mgeni wa heshima akishakaribishwa ndani, haifai kumwambia abishe hodi tena kila chumba. Kiboko ni mgeni wa heshima. Basi Kiboko asamehewe hodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mirindimo siku ya tatu walimpa mto wa kuegemea.

Kiboko akajenga chumba kimoja, akakijaza masanduku ya chuma. Mmmm. Taa za kijiji zikafifia kidogo. Akajenga cha pili. Mmmmmm. Zikafifia tena. Masanduku yakapata moto, akaweka mafeni ya kuyapoza. Mafeni nayo yakataka umeme. Akajenga cha tatu, cha nne, cha kumi, mpaka vikafika vyumba arobaini, na taa zile kumi alizosema hakuna aliyezikumbuka. Akiwasha, hagongi. Akizima, hagongi. Ngiri anashtukia gurudumu limelemewa, anakurupuka na bakuli la uji mdomoni, kriii. Hajakaa vizuri, gurudumu linakimbia, anakurupuka tena, kriii. Akakonda. Akawa anasinzia amesimama, na sikio moja juu.

Siku ya ishirini na mbili ya mayai ya Kanga, upepo ukavuma. Kuti kavu likadondoka juu ya waya. Taa zikafumba, zikafumbua. Basi, hilo ni jambo la kawaida, taa za kijiji hupepesa macho kama watu. Lakini Nyumba ya Kumbukumbu haikuweza kuvumilia hata kupepesa. Ilikuwa na swichi yake, yenye woga kuliko swala. Umeme ukitikisika kidogo tu, nyumba nzima inaruka, inajikata kwenye waya wa kijiji, inahamia kwenye jenereta ya Kiboko mwenyewe. Dududududu.

Ikaruka, vyumba arobaini kwa mpigo, bila kwaheri.

Sasa fikirini. Gurudumu lilikuwa linavuta mzigo mkubwa, ghafla mzigo umeondoka. Ng'wiiiii. Gurudumu likakimbia. Umeme ukajaa kwenye waya, wa kuula hayupo. Kwa Kindi, taa pa. Kwa Kuku, pasi pa, na gauni lililokuwa chini yake. Ngiri akalirukia lango akalibana chini kwa nguvu zake zote, na jino lake moja likavunjika hapo hapo. Gurudumu likatulia. Na kabla Ngiri hajafuta damu, Kiboko akaona umeme umetulia, akarudi, vyumba arobaini kwa mpigo, bila hodi. Gurudumu likaguna, likasimama. Kijiji kizima kikazima.

Kanga alikuwa anayageuza mayai. Taa ndani ya sanduku ikafa, feni ikafa. Akaweka bawa juu ya mayai, akasikia joto linaondoka kidogo kidogo, na hakuna kitu kingine alichoweza kufanya ila kile ambacho hakukijua. Akaingia sandukuni akaatamia.

Mabawa ya Kanga yanatosha mayai tisa. Mayai yalikuwa ishirini na manne.

"Shoga," akaita dirishani, "nakuomba."

"Nimestaafu," alisema Kuku kutoka ng'ambo ya ua.

"Najua. Nakuomba."

Kuku akaja, akisonya njia nzima, akachukua manane. Kanga akajitanua mpaka mifupa ikamuuma akapata kumi. Sita yakabaki, wakayafunika kwa matambara waliyoyapasha kwenye majivu. Wakakaa hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri Ngiri alipolifufua gurudumu. Taa iliporudi, Kanga akayapima mayai moja moja kwenye mwanga. Ishirini na moja yalicheza. Matatu hayakucheza. Akayapima tena yale matatu. Akayapima tena. Kisha akayazika nyuma ya nyumba, na akalia, hakuona haya.

Siku sita zilibaki. Na msimu wa upepo ndio kwanza ulikuwa umeanza.

Kesho yake Kanga alikwenda kwa Kiboko. Alimkuta amejilaza kwenye dimbwi mbele ya nyumba yake, nyumba inavuma nyuma yake, mmmmmm.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba."

"Mheshimiwa, naomba uwe unabisha hodi kama sisi. Ukitoka, aga. Ngiri apate kujua."

"Mimi?" alisema Kiboko. "Mimi nimbishie hodi Ngiri? Nilisamehewa hodi na wazee wenu."

"Basi punguza. Siku sita tu, mheshimiwa. Nina mayai kwenye mashine."

"Nyumba hii haipunguziki. Hata taa moja. Ukizima chumba kimoja, dunia inasahau."

"Upepo ukivuma tena nyumba yako ikaruka, mayai yangu yatakufa."

Kiboko akapiga mwayo, na mwayo wa Kiboko mnaujua ulivyo. "Mayai ni mayai," alisema. "Utataga mengine."

Kanga akanyamaza. Sasa Kanga si kiumbe wa kunyamaza. Kanga akigombana anasema, akilala anasema, akikimbizwa na mbwa anasema. Ukiona Kanga amenyamaza, jua kuna kitu kinapikwa na moto umeshakolea.

Jioni ile alimwendea Ngiri langoni.

"Kaka Ngiri, unaweza kusema uongo?"

"Siwezi," alisema Ngiri, na kwa lile jino lililovunjika alitema maneno upande. "Nikisema uongo masikio yananicheza."

"Usiseme kitu basi. Kesho Kuku akibisha hodi, wewe piga reli mara saba. Kiboko akianza kuaga, mshushie lango taratibu. Kiboko akibisha hodi, wewe lala."

"Nilale?"

"Ulale."

Ngiri alimtazama Kanga, macho yakamjaa machozi. Tangu vyumba vile vifike kumi alikuwa hajalala. "Hilo," alisema, "nitalifanya kwa moyo mmoja."

Kanga akapita nyumba kwa nyumba, akaongea na kila mtu, na kila mtu akakubali kwamba kwa siku chache hatawasha kitu kizito. Kindi akauweka msumeno wake juu ya kabati. Kuku akaambiwa avae gauni lake zuri. Akasema lake zuri ndilo lililoungua. Akavaa la pili yake.

Asubuhi Kanga akatokea katikati ya kijiji na zile kelele zake.

"Sikieni, sikieni. Kuanzia leo hodi si ya kila mtu. Wadogo wasiguse nguzo. Hodi ni ya wakubwa peke yao. Mkubwa akibisha atapigiwa reli mara saba na majina yake yatatajwa mbele ya watu."

Kuku akajitokeza na gauni lake la pili, akaokota jiwe, akagonga nguzo. Ko ko ko. Hodi.

Ngaa ngaa ngaa ngaa ngaa ngaa ngaa.

"Huyo ni Kuku binti Jogoo," Kanga akapaaza sauti, "mwenye kucha, mwenye kishungi, mama wa wake na wa wasio wake, aliyestaafu kwa heshima. Karibu, mkubwa." Kijiji kizima kikapiga makofi. Kuku akainamisha kichwa, akainua mguu mmoja, akasahau kuushusha. Ukweli ni kwamba alikuwa amesahau kabisa kuwa ni mchezo.

Kiboko aliona yote hayo kutoka dimbwini. Akaona makofi. Akahesabu milio. Akatoka majini, akaja, na ardhi ikatikisika.

"Kanga. Huyu Kuku tangu lini ni mkubwa?"

"Tangu asubuhi, mheshimiwa."

"Na mimi?"

"Wewe ni mgeni, mheshimiwa. Mgeni habishi, amesamehewa. Hodi ni ya wakubwa wenyeji."

"Mimi nimekaa hapa mwaka mzima. Nina vyumba arobaini. Kuku ana kitu gani?"

"Ana gauni," alisema Kanga. "Ni kweli, mheshimiwa, ungebisha wewe, saba zisingetosha. Reli ingepigwa mpaka ichoke. Lakini niache nisikudanganye, haiwezekani. Nguzo unaiona, jiwe unaliona, lakini wewe uko ndani."

"Niko ndani ya nini?"

"Ndani ya waya. Nyumba yako inakula umeme sasa hivi. Mheshimiwa umewahi kuona mtu amekaa sebuleni kwa watu, amejinyoosha, ndipo anabisha hodi?"

Kiboko akafikiri. Hakuwahi kuona.

"Kwa hiyo nitoke kwanza."

"Utoke kwanza. Lakini usitoke mbio, anayetoka mbio kwenye nyumba ya watu ni mwizi. Mkubwa hutoka chumba kwa chumba, anaaga kila chumba. Nimekwambia, ni kazi nzito. Waachie akina Kuku."

Kiboko akaokota jiwe lake mwenyewe, kubwa kuliko la Kuku mara kumi. Akazima chumba cha kwanza, akakihamishia kwenye jenereta yake. Ko. Kwaheri. Ngiri akashusha lango kidogo, kriii. Chumba cha pili. Ko. Kriii. Cha tatu. Ko. Kriii. Mpaka jua likawa utosini, vyumba arobaini, kwaheri arobaini, kriii arobaini, na katika muda huo wote taa ya Kanga ndani ya sanduku haikutetemeka hata mara moja. Jenereta ya Kiboko ikanguruma, dududududu, inakula mafuta ya Kiboko.

Kisha Kiboko akavaa koti, akasimama mbele ya nguzo. Watu wote wamekaa wanatazama. Ngiri akajaza pamba masikioni, akalala chini mara moja.

Ko ko ko. Hodi.

Kimya.

Ko ko ko. Hodi.

Kimya, ila maporomoko.

Ko ko ko. Hodi, akasema Kiboko kwa mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Kimya. Watu hawakucheka. Kanga alikuwa amewaonya, atakayecheka atakuja kuatamia mayai yeye. Kiboko akainua jiwe tena, akaona macho ya kijiji kizima yako kwenye jiwe lile. Hodi ya nne. Hata yeye alikuwa amekaa Mirindimo vya kutosha kuijua maana yake. Akashusha mkono.

"Kwa nini Kuku alijibiwa papo hapo?" akauliza.

"Kwa sababu ni mdogo," alisema Kanga. "Mdogo hujibiwa haraka ili aondoke. Mkubwa lazima wenyeji wafagie, watandike, wajipange. Mheshimiwa umejibiwa kimya. Mimi sijawahi kuona mtu akijibiwa kimya kirefu namna ile. Jaribu kesho, na usiingie kabla ya karibu, anayeingia bila karibu anarudi kuwa mgeni."

Kiboko akarudi nyumbani akiwa na fahari na wasiwasi, hajui kipi ni kikubwa. Mkewe, ambaye hadithi haikumpa nafasi, akamwambia mafuta ya jenereta hayatafika wiki.

Kesho yake akabisha tatu, hakujibiwa. Jioni mafuta yalikuwa nusu ya pipa. Akaenda kutazama vyumba vyake, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu avijenge, maana asiyelipa kuni hachungulii chungu. Akakuta chumba cha kumi na tano kina picha za arusi ya Kindi. Chumba cha kumi na sita kina picha zile zile za arusi ya Kindi. Cha kumi na saba hali kadhalika, Kindi amefumba macho katika zote. Akazima vyumba kumi. Dunia haikusahau kitu.

Siku ya tatu akabisha tatu, hakujibiwa. Akazima vingine kumi na viwili. Kumbe inapunguzika.

Siku ya nne upepo ukaja. Ulikuwa upepo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kanga alikuwa ameketi mbele ya sanduku, na ndani ya mayai kulikuwa na sauti tayari, tok tok, tok tok, wadogo wanajaribu midomo yao. Tawi zima likakatika, likaanguka juu ya waya. Taa ikafumba.

Kanga akainuka. Akajua kwamba yote aliyoyafanya, kelele, gauni, reli, yalikuwa kwa ajili ya dakika hii. Akatanua mabawa, tayari kuingia.

Taa ikafumbua.

Basi, hakuna kingine kilichotokea. Hapakuwa na mtu mkubwa wa kuruka kutoka kwenye waya, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuangusha wengine. Gurudumu likazunguka kama kawaida. Ngiri hata hakuamka.

Asubuhi yake mayai yakaanza kupasuka. Kwii. La kwanza. Kwii. La pili. Kuku akaja kutazama tu, akasema anatazama tu, akabaki mpaka jioni. Vifaranga ishirini na mmoja, wote na madoadoa. Wa kwanza alipojivuta kutoka kwenye ganda alimtazama Kanga, na Kanga, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwepo.

Siku ile Ngiri alijinyoosha, akatoa pamba masikioni, na Kiboko alipobisha hodi, ngaa, akajibiwa.

"Karibu," Ngiri akaita. "Chumba kimoja kimoja, mheshimiwa, kila kimoja na hodi yake. Nikijibu, ingia. Nikinyamaza, kaa kwa jenereta yako. Na upepo ukianza kuvuma, unatoka kwanza, unaaga, unangoja upite."

Kiboko hakugombana. Vyumba kumi na vinane alivyobakiza, hodi kumi na nane. Anabisha mpaka leo, kila asubuhi, amevaa koti, na ukimsikiliza anavyosimulia, ni heshima kubwa ambayo katika Mirindimo nzima hakupewa mwingine ila Kuku, na Kuku alipewa kwa bahati.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nitaimeza na chai.

Mnataka fundisho? Najua mnataka, mmeshaanza kujiweka sawa. Fundisho ni hili: wakubwa waheshimiwe. Msiwapinge, msiwaudhi, msiwaambie wamezidi kula. Waheshimuni asubuhi, waheshimuni jioni, waheshimuni mpaka watoke nje.